Atakayesindikizwa Mpaka Getini

Nimestaafu mwaka huu, na tangu nirudi nyumbani sijaweza kukaa kitini kupita muda wa kunywa kikombe cha chai. Naamka, nazunguka nyumba, nakagua ukuta ambao jana nilishaukagua. Mke wangu anasema nimekuwa kama maksai aliyefunguliwa nira katikati ya shamba: hajui aende wapi, anaendelea kuvuta tu. Wiki iliyopita akaniambia, "Baba Esta, vijana wa kambini wanaojiandaa kwenda ng'ambo wanakuja hapa kila Jumapili kukuuliza maswali yale yale. Waandikie, na mimi nipate Jumapili yangu." Basi ninaandika.

Wengi hapa Bariadi mnanijua kwa jina la Bwana Madagaska. Jina langu ni Luhende, mzaliwa wa Mwandoya, mwenye stashahada ya afya ya mifugo. Stashahada hiyo sikutafutiwa na mjomba. Nilipalilia pamba za watu, nikabeba marobota kiwandani Maswa mpaka mabega yakaota sugu, nikalala Nyalikungu katika chumba kisicho na dirisha, na ada nikalipa mwenyewe. Darasani nilikuwa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza sasa anauza simu. Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme ninajisifu, lakini hakuna neno la uongo ndani yake. Vyeo nilivyopata baadaye nitavipita, maana cheo hakimfundishi kitu mtu anayefunga mizigo. Nitaandika habari za kambi, kwa sababu kazi yangu yote ng'ambo ya bahari ilianzia hapo, na ilikaribia kuishia hapo hapo.

Wakati ule Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa watu wa Shinyanga, na Bariadi ulikuwa mji wa vumbi na baiskeli. Kambi ilikuwa nje kidogo ya mji, katika ghala la zamani la pamba ambalo kanisa lilikuwa limeazimwa. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye mbao za paa, na upepo ukipita zilituangukia kwenye uji. Tulikuwa kikundi kidogo: wauguzi, walimu, seremala mmoja wa Lamadi aitwaye Ndaki, mtoto wa wachuuzi wa samaki, mtu wa kucheka na kila mtu, na mimi. Wote tulikuwa tumeahidiwa na kanisa kwenda kuhudumu Madagaska kwa miaka mingi, kama kambi itatupitisha.

Hilo "kama" sikulitilia maanani. Nilikuwa nimeshaacha kazi serikalini. Kule Mwandoya kanisa lilikuwa limeniwekea mikono na kuniombea, mbuzi amechinjwa, mama amelia, watoto wa jirani wamenikimbilia mpaka nje ya kijiji wakiimba. Mtu aliyeagwa namna ile harudi baada ya msimu mmoja na begi lake mkononi. Heri apotelee njiani.

Mkuu wa kambi alikuwa Mwalimu Kabula, muuguzi mstaafu aliyewahi kuishi Madagaska miaka mingi. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wasogee karibu ili wakaripiwe vizuri. Siku ya kwanza alitandika mkeka na kutuambia kila mtu alete zana za kazi yake. Wauguzi waliweka vipimo vya presha. Ndaki akaweka randa na misumeno. Mimi nikafungua mkoba wangu wa ngozi: bomba la sindano la chuma, kipimajoto, koleo la kuhasi, na trokari, ule msumari mnene wenye mrija wa kutobolea tumbo la ng'ombe lililojaa gesi. Nilivipanga polepole ili wote waone. Mwalimu Kabula akavitia vyote kwenye sanduku la bati na kupiga kufuli.

"Huko mnakokwenda mtafika bila lugha," akasema. "Mtu asiye na lugha hana cheti. Muuguzi hatatibu, mwalimu hatafundisha, bwana mifugo hatagusa mkia wa ng'ombe. Mtakaa kwenye nyumba za watu kama watoto wakubwa. Basi mtaanza kukaa hivyo hapa. Kila mmoja atapelekwa kijijini, kwa familia ambayo haimjui. Msiseme mmesomea nini. Mkipewa jembe, limeni. Mkipewa mtoto, mbebe."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi kukaa na watu nakujua tangu utoto."

"Ungekaa kwanza ndipo useme," akajibu, maana nilikuwa nimesimama peke yangu.

Kisha akatueleza mtihani. Kwetu Usukumani mgeni husindikizwa. Mgeni aliyekuchosha unaagana naye mlangoni, unarudi ndani. Aliyekupendeza unamfikisha mwisho wa ua wa minyaa. Aliyekuingia moyoni unakwenda naye mpaka barabarani, mnaongea, mnasimama, mnaongea tena. "Siku ya mwisho mtaaga na kurudi hapa kwa miguu," akasema Mwalimu Kabula. "Atakayesindikizwa na wenyeji wake mpaka kwenye geti lile, ataenda ng'ambo. Atakayefika peke yake tutamshukuru, atakunywa chai, atarudi kwao. Wenyeji hawajui habari hii na hamtawaambia. Ukiomba kusindikizwa, umeanguka."

Ndaki akaninong'oneza, "Bwana, mimi nikiwa na miguu mibaya watanibeba."

Nilipelekwa kwa mzee Jilala, mwendo wa nusu asubuhi kutoka mjini, ng'ambo ya korongo. Mzee wa kanisa aliyenipeleka alisema tu, "Huyu ni kijana wetu Luhende, atakaa nanyi." Jilala alikuwa mtu mrefu mwenye goti bovu. Mkewe tulimwita Mayu Holo, yaani mama Holo. Walikuwa na mtoto wao Mabula, kijana mwenye mke tayari, na wajukuu wengi.

"Mwangaluka," nikawaamkia.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu.

Mzee akanitazama viatu. "Unajua kuchunga?"

Mimi, mtu wa stashahada, niliyewahi kusimamia josho la wilaya nzima! "Najua kidogo," nikasema, na neno hilo "kidogo" lilinikwaruza koo kama mfupa wa samaki.

Nikapewa ndama, pamoja na wajukuu. Asubuhi tunatoka, jioni tunarudi. Nilikula nao kwenye sinia moja, ugali na mlenda, na mchana michembe ile ya viazi vikavu inayokwama mdomoni. Wajukuu walinicheka kwa sababu sikuweza kutulia kivulini. Wao walilala chini, mimi nikazunguka. Niliwaona ng'ombe wenye kupe masikioni, nikakunja vidole. Nilimwona mtamba anayechechemea, nikageuza uso. Mzee alimpa ndama dawa ya minyoo kwa kukisia, kijiko kimoja kwa mdogo na kijiko hicho hicho kwa mkubwa, nami nikauma ulimi. Jamani, ujuzi ni kama kikohozi, haufichiki kifuani.

Kwa kuwa nilikatazwa kusema kazi yangu, nilisema mengine. Nilimsimulia mzee habari za zizi la nyumbani Mwandoya, madume yenye pembe za kukumbatia mlango, majike yanayojaza kibuyu. Mzee alipenda sana mazungumzo hayo. "Kumbe wewe ni mtoto wa watu," akasema. Sikudanganya. Zizi lilikuwapo na ng'ombe walijaa. Sikusema ni wa nani.

Nikaanza kupendwa. Mayu Holo alinibakizia maziwa ya mgando. Mabula alinifundisha kufunga nira kwa namna ya kwao, na nikajifanya sijui. Mzee akaanza kunipeleka zizini jioni, ananionyesha huyu na yule, na bila kutaka nikaelewa mambo mazito ya zizi lile: yupi ni wake, yupi ni wa shemeji yake wa kijiji cha pili, yupi amewekwa pale na mtu asiyetaka ndugu zake wajue. Mambo hayo mtu haambiwi. Anaruhusiwa kuyaona tu, akijulikana kuwa hana macho ya kuhesabu.

Mvua za kwanza ziliponyesha ndipo Kapteni alipoingia kwenye shamba la kunde la jirani. Kapteni alikuwa maksai wa kulia katika jozi ya plau, nguvu ya nyumba ile. Mwenzake peke yake asingelima hata bustani. Alikula kunde changa zenye umande asubuhi yote kabla hajaonekana. Mchana nikirudi na ndama nikamkuta uani amesimama amepanua miguu, ubavu wa kushoto umetuna kupita uti wa mgongo, ulimi nje. Mzee alikuwa ameshamnywesha mafuta ya kula. Mafuta hayakuwa kosa, nataka mlijue hilo. Kwa gesi ya povu ndiyo dawa yenyewe. Yalichelewa tu.

Majirani walikuwa wamefika. Kwetu ng'ombe akizidiwa, mwenye ng'ombe huwahi kumchinja angali na pumzi, ili nyama isiwe kibudu. Kwa hiyo huruma huja na visu. Kila aliyesema "pole sana, mzee" alikuwa na sufuria nyuma yake. Kapteni akapiga magoti, akaanguka. Mayu Holo akaweka mikono kichwani. Mzee akasema kwa sauti isiyo yake, "Mabula, lete kisu."

Kisu kikaletwa, na mimi nikakipokea.

"Bhebhe, wewe, unafanya nini?" mzee akauliza.

"Baba, nikatie bua la jani la papai. Haraka! Lililo wazi katikati."

Trokari yangu ilikuwa sandukuni, mjini. Nikapima kwa kiganja pale panapobonyea ng'ombe akiwa na njaa, nyuma ya ubavu wa mwisho, chini kidogo ya mifupa ya kiuno, upande wa kushoto. Andikeni hapo: kushoto, kushoto, kushoto. Nikaelekeza ncha kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia, nikachoma. Gesi ikatoka na povu la kijani, harufu ikawakimbiza watoto. Nikapitisha bua la papai kwenye tundu lisifunge, nikamwagia mafuta kupitia humo humo. Tukasubiri. Kapteni akapumua. Akapumua tena. Baadaye akajiinua, akasimama na kutujambia wote.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Jirani mmoja akakunja gunia lake na kusema, "Bhebhe kijana, umetunyima kitoweo!" Watu wakacheka. Mwingine akauliza, "Lakini mambo haya umejifunzia wapi?"

Ningesema kwa babu, yangeisha. Lakini nilikuwa nimefunga mdomo msimu mzima, povu liko mpaka viwikoni, watu wote wananitazama. Nikasema, "Chuoni. Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo."

Vigelegele vikakatika.

"Bwana mifugo?" mzee Jilala akauliza polepole. "Wa serikali?"

"Nilikuwa. Niliacha."

"Uliacha," akarudia. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga vizuri.

Kama hukukulia kwetu nikueleze. Kwa wazee wale, aliyekuja kuhesabu ng'ombe hakuwahi kuleta heri. Leo amekuja na kalamu, kesho anafuata wa ushuru, keshokutwa anafuata wa kusema ng'ombe ni wengi, wapunguzwe. Ndiyo maana ng'ombe wa mtu mmoja hulala kwenye mazizi ya watu mbalimbali, na kumwuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kama kumwomba avue nguo. Na mimi nilikuwa nimeingia kwa jina la kanisa, nimekaa kimya, nimechunga, nimeonyeshwa. Mpelelezi gani angefanya vizuri zaidi?

Asubuhi nilikuta zizi limepungua nusu. Ng'ombe wa shemeji hawapo, wa yule mtu wa siri hawapo. Hakuna aliyesema walikokwenda. Wajukuu walitoka na ndama bila mimi. Mchana Mayu Holo aliniletea kiti chenye mgongo, maji ya kunawa, na chakula kwenye sahani ya peke yangu, na kuku. Hapo nikajua nimekwisha. Mtu wa nyumbani hula kwenye sinia. Afisa hupewa kuku.

Jumapili tulikutana kambini. Ndaki alikuwa ameshasikia. "Bwana Stashahada!" akaniita toka mbali. "Mimi kwangu bibi mzima ananisukia mkeka, wewe unakula kuku peke yako. Tubadilishane?"

Mwalimu Kabula hakucheka. Alinipeleka nyuma ya ghala. "Nilikwambia ufunge mikono na mdomo."

"Ng'ombe alikuwa anakufa, Mwalimu."

"Sasa amepona. Anayekufa ni wewe."

"Ungekuwa wewe na mgonjwa wako ungemwacha?"

"Nisingemwacha," akasema. "Lakini nisingewatajia chuo." Kisha akaongeza kwamba hatanitoa kijijini, na wala hatakwenda kunitetea. "Nikienda kukusemea, watasindikiza maneno yangu. Rudi ukakae."

Kukaa! Siku zile nilijua maana ya neno hilo. Sikupewa kazi, maana afisa hachungi. Niliwekewa kiti chini ya ukingo wa paa, nikawa nainuka, nazunguka ua wa minyaa, narudi, nakaa, nainuka. Kapteni alikuwa akilima, namwona kwa mbali, kidonda kimefunga vizuri kuliko cha daktari yeyote, na hakuna wa kuniambia asante. Usiku usingizi ulikatika. Nilijiona nimeshuka kwenye basi Mwandoya na begi langu, watoto wale wale wananikimbilia, wananiuliza Madagaska ni karibu hivyo? Nilifikiri kuondoka kabla ya siku. Mara mbili nilifunga begi, mara mbili nikalifungua. Na lililonisumbua kuliko yote ni kwamba kama ningerudishiwa ile saa, ningemchoma Kapteni tena, hapo hapo, kushoto.

Mayu Holo ndiye aliyenifungulia. Alikuwa anapepeta mtama, mimi nimempita mara ya tano au ya sita nikizunguka. "Kaa chini, unanitia kizunguzungu," akasema. Nikakaa. "Mzee hakuchukii. Anakuogopa. Wewe unalijua zizi lake lote mpaka mizizi. Yeye kwako anajua nini? Anajua habari za pembe tu."

Nililala na neno hilo. Kulipokucha nikamfuata mzee zizini kabla hajafungua.

"Baba, nataka nikuonyeshe zizi la kwetu."

"Liko Mwandoya," akajibu bila kugeuka.

"Nitakuonyesha kwa mdomo. Ukiingia, kulia utakuta majike meusi yenye pembe za kuangalia chini. Ni ya mwenye duka. Lile dume lililokumbatia mlango ni la mzee mmoja wa kanisa, analificha wakwe zake wasilione. Wale wekundu wote ni wa mtu wa Maswa." Nilimtajia wote, mmoja baada ya mwingine, na wenyewe kwa majina. Mambo hayo baba yangu angenipiga fimbo kwa kuyasema.

Mzee alikuwa amegeuka. "Na wa baba yako?"

"Hakuna."

"Wamewekwa wapi?"

"Hawakuwekwa. Hakuna, baba. Baba yangu anachunga ng'ombe za watu. Tangu nizaliwe, kwetu hatujawahi kuwa na ng'ombe hata mkia."

Si chuoni, si kazini, si kwa mchumba wangu, sikuwahi kusema maneno hayo. Msukuma asiye na ng'ombe anaweza kuwa mtu mwema, lakini hakuna anayemsubiri aseme kwenye kikao. Mzee Jilala alinitazama, goti lake bovu limeegemea mti wa lango.

"Basi ada ulilipa kwa nini?"

"Kwa mabega haya."

Akatema mate pembeni. "Haya," akasema. "Fungua zizi, jua linapanda."

Basi. Mchana kiti kilikuwa pale pale, na sahani ya peke yangu. Nikasema moyoni, Luhende, umemvua baba yako nguo bure.

Siku ya mwisho niliamka mapema kuliko kuku. Mzee hakuwapo, Mabula alisema ametoka tangu usiku wa manane na hakusema anakwenda wapi. Mayu Holo alinifikisha mwisho wa minyaa, akanishika mikono yote miwili, akasema "Wabeja, mwanangu," ahsante, akarudi. Mwisho wa minyaa, basi. Nikashika njia. Mnaujua mwendo wangu. Siku ile ulikuwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na nyuki. Nilitaka kufika, kunywa hiyo chai ya kushukuriwa, na kupanda basi lolote la kwenda popote isipokuwa Mwandoya.

Nilikuwa nimeshavuka korongo niliposikia sauti nyuma. "Bhebhe! Bhebhe!"

Mzee Jilala alikuwa anashuka ukingo wa korongo kwa ubavu, goti moja limekakamaa, jasho linamtoka. Nikarudi mbio kumshika mkono.

"Mgeni gani anaondoka kama mwizi?" akafoka. "Nimekwenda mpaka kwa shemeji, nimerudi, naambiwa umeondoka! Una moto kwenye soli?"

"Nilidhani hutaki kuniona."

"Nani amesema? Tembea polepole, mimi si punda."

Tukatembea polepole. Sijawahi kutembea polepole namna ile tangu nizaliwe. Alinisema njia nzima: naongea sana, nakula haraka, nilimkata Kapteni tundu kubwa mno. Kila alipopunguza mwendo nilidhani hapa ndipo atakapoagana nami. Tukapita ghala la mnunuzi wa pamba. Tukapita kisima. Tukafika barabara kuu, pale ambapo hata mgeni mpendwa huachwa. Mzee akasimama, akafuta uso kwa shati.

Geti la kambi lilikuwa linaonekana. Neno moja lingetosha, na neno hilo lingeniangusha. Mnaonijua hamtaamini: nilinyamaza.

"Yule mama anayekuchukua," mzee akasema, "yuko kwenye lile ghala?"

"Yuko."

"Nina neno naye."

Tukavuka barabara.

Getini palikuwa na kelele. Ndaki alikuwa ameletwa na ukoo mzima, bibi yao akiwa amekalishwa kwenye baiskeli, mkeka umefungwa kwa kamba. Mwalimu Kabula aliacha kuwapokea, akatujia.

"Karibu, baba. Umetoka mbali na mguu huo."

"Nimekuja kukuona," Jilala akasema. "Mzee wa kanisa ameniambia huyu unampeleka ng'ambo ya bahari. Nimeuliza, ni mbali. Na huyu hana ng'ombe. Mtu asiye na ng'ombe akienda mbali, ni nini kitakachomwita arudi? Kwa hiyo nimemtengea mtamba. Alikuwa kwa shemeji, nimemrudisha zizini kwangu leo, ana doa jeupe begani. Nataka ujue unapomchukua kwamba mtu huyu ana kitu nyumbani."

Mwalimu Kabula akakaza fundo la kanga yake. Kisha akanigeukia na sauti yake ile ndogo. "Luhende, unasimama nini hapo? Kesho mapema uende ukapige picha ya pasipoti. Na unyoe hizo ndevu."

Nilikaa Madagaska mpaka nywele zikageuka. Ni kweli aliyotuambia, nilifika bila lugha, nikakaa kwenye nyumba za watu kusini kule kwenye nchi kavu ya ng'ombe, nikapewa ndama kuchunga. Baadaye nilipata lugha, na kazi niliyoifanya huko wenyewe watawasimulia, maana nikisema mimi mtasema najisifu. Nitasema moja tu. Kila kiangazi, wenzangu wakilala, mimi nilizunguka uani nikiwaza malisho ya Bariadi. Mabula alipopata simu alinipigia: mtamba wako amezaa. Mwaka mwingine: amezaa tena, mtoto wake naye ana mimba. Nilipoombwa kuongeza muda mara ya mwisho, na ulikuwa mkataba mzuri, niliwaambia nina ng'ombe.

Mzee Jilala hakunisubiri. Alifariki kabla sijarudi. Nilikwenda kwake kabla sijafungua mabegi. Mabula sasa ndiye mzee wa nyumba, na Mayu Holo haoni vizuri, lakini alinijua kwa mwendo. Jioni ng'ombe waliporudi, Mabula alisimama nami langoni akaanza kunionyesha kwa kidole. "Huyu wako. Yule wa marehemu. Hawa wawili wako. Yule mwenye doa begani, wako." Hakumaliza upesi.

"Lori unaleta lini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaongea na mwenye lori. Nilikuwa nimeshajengesha zizi nyumbani kwangu nikiwa bado ng'ambo, zuri, la nguzo za chuma. Nikawatazama wakiingia mmoja mmoja, wanasukumana, vumbi linapanda, na Mayu Holo mlangoni anauliza kama nimepewa maziwa.

"Lori limeharibika," nikasema.

"Limeharibika lini? Si umefika juzi?"

"Limeharibika sasa hivi."

Mabula akacheka mpaka akashika mti wa lango. Kisha akamwita mkewe alete kigoda cha pili.